Sidiria ya Ngamia kwa Kipimo cha Mkono

Sina uso. Niliokuwa nao asubuhi nimeuacha soko la mifugo, karibu na pale wanapofunga ngamia, na aliyeuokota asihangaike kunirudishia.

Naandika haraka kabla video haijawafikia. Itawafikia tu. Watu wa Garissa hawana bando ya kujibu ujumbe wako ukiomba kazi, lakini bando ya kurusha video ya mtu akiaibika haijawahi kumwishia mtu tangu mto Tana uanze kutiririka. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe kwanza, ili ikija mseme, "Ah, hiyo tunaijua," mpite.

Kwa walioingia kundi hili juzi: mimi ni Zaituni, Mpokomo, binti wa watu wa ndizi na maembe. Nina digrii ya ubunifu wa mitindo ya mavazi. Niliisoma masomo ya jioni. Mchana nauza vitambaa dukani kwa watu, jua likizama naingia darasani na vumbi langu lote. Kwa kalenda ni miaka minne. Ukiongeza stima iliyokuwa ikipotea kila mwalimu akishika chaki, ni kama kumi na mmoja. Nimechora makwapa ya gauni kwa tochi ya simu mpaka simu yenyewe ilistahili kuvaa joho.

Kipindi cha mwisho mwalimu wetu alituandikia ubaoni njia za kazi zinazotungoja. Mbunifu wa mavazi. Mnunuzi wa mitindo wa maduka makubwa. Mshauri wa mavazi ya watu mashuhuri. Mchoraji wa vitambaa. Mwandishi wa habari za mitindo. Nilinakili zote kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini. (Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mwalimu mwenyewe alikuwa amevaa shati lililokosa kifungo.)

Kazi ya kwanza niliyoletewa baada ya kuhitimu ilikuwa zipu. Ya pili, zipu. Ya tatu ni dereva wa tuktuk aliyeleta turubai la paa lake limepasuka, akaniomba nishone "na ile digrii" ili mvua isiingie. Nikamwambia digrii haizuii mvua. Akasema basi nimpunguzie bei.

Na maswali! Kila anayekuja lazima aulize.

"Wewe ni fundi?"

"Mimi ni mbunifu."

"Tofauti ni nini?"

Namweleza kwa dakika ishirini: rangi, umbo la mwili, historia ya vazi. Ananisikiliza kwa heshima zote. Kisha anasema, "Kumbe ni fundi aliyechelewa kuanza."

Mama yangu, aliye shambani kule mtoni, alivumilia mwaka mmoja. Halafu akaanza habari za Griftu. Binamu yangu ana duka la magodoro huko na anataka mtu wa kukaa dukani. Mimi nikamwambia, mama, nimesomea mavazi. Akajibu, "Na godoro si linavalishwa foronya?" Mama hakusoma lakini hajawahi kushindwa kwa maneno. Tukaafikiana hivi: leo ikifika adhuhuri sijapata kazi inayotokana na ile digrii, kesho napanda basi nikauze magodoro. Mkoba aliniambia nifungashe mapema. Nilifungasha. Uko hapa miguuni pangu sasa hivi, unanitazama.

Sasa ingia Habaryar Dahabo.

Huyu ni mwenye nyumba wangu. Habaryar kwa Kisomali ni mama mdogo, dada ya mama, na kila mpangaji kwenye ploti anamwita hivyo, hata wanaomkwepa. Anauza maziwa ya ngamia pamoja na wanawake wengine tisa, na yeye ndiye kinara wao. Kiswahili chake kinageuza p kuwa b na v kuwa f, lakini sina ubavu wa kumcheka, maana Kisomali changu kinamfanya ashike ukuta.

Majuma mawili yaliyopita aligonga mlango wangu akiwa na kamba ndogo ya gome la mti. Akanieleza. Ndama akiachiwa mama yake, anamaliza maziwa, wanawake wanabaki na madumu matupu. Kwa hiyo wachungaji wanafunga chuchu za ngamia kwa kamba kama ile. Kamba inakata. Chuchu ikipata kidonda, ngamia anapiga teke kila anayekaribia, na hilo teke halina rufaa. Mpwa wake aliye Uarabuni alimtumia picha za ngamia wa huko waliovalishwa kitu kama mfuko kwenye kiwele, kimefungwa mgongoni kwa mikanda, ndama ananusa tu na kuondoka.

"Zaituni," akasema, "wewe nasoma nguo. Hii ni nguo. Tengeneza."

Masharti yalikuwa rahisi. Nishone mmoja. Ujaribiwe kwa ngamia mmoja mbele ya wanawake wote kumi. Ndama akishindwa kunyonya, nashona ya ngamia wote wanaowapa maziwa, na cherehani yangu inapata pembe kwenye stoo yao ya maziwa, bila mimi kuhangaikia kodi.

Nilitaka kukataa. Kweli. Miaka minne (kumi na mmoja) nisome, halafu nishonee ngamia sidiria? Kisha nikakumbuka magodoro. Nikasema, "Habaryar, hii ni kazi ya kitaaluma." Siku hiyo nilitembea mjini kama mtu mwenye kampuni.

Kesho yake nikaenda kuchukua vipimo. Ngamia wa majaribio anaitwa Adey, yaani Mweupe, na mwenyewe ni Mzee Dheere. Dheere ni jina la utani, maana yake Mrefu. Wasomali wakikupa jina la utani hawazungushi. Mzee huyu akisimama kando ya ngamia, utadhani ngamia ndiye aliyeinama. Mimi nilifika kwenye kifundo cha fimbo yake. (Dukani nilikuwa napanda stuli kufikia rafu ya chini.)

Nikatoa tepu yangu ya kupimia, mpya, ya njano. Mzee Dheere akaitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye blanketi.

"Hii nini?"

"Tepu, mzee. Nataka kumpima Adey."

"Adey amekufa?"

Nikasema hapana, mzee, yuko hai, namwona anatafuna. Akasema basi niiweke mbali. Kwake yeye, anayezungushiwa kamba ya kupimia ni yule anayengoja kukatiwa sanda. Aliye hai hapimwi. Nikajaribu kumweleza kwamba chuo kizima tulipimana na hakuna aliyekufa ila mmoja aliyeacha masomo. Hakucheka. Nikazidi kuharibu kwa kusema kiwele cha Adey ni kikubwa, na nikasahau kusema mashallah. Hapo hata Adey aligeuka akanitazama.

Mwishowe, kwa heshima ya Habaryar, mzee alikubali kunipa vipimo kwa njia yake. Alisimama mbele ya ngamia wake, akanyoosha mkono hewani bila kumgusa, kiwiko hadi ncha ya kidole, akafumba jicho moja.

"Kuzunguka, mikono mbili na shubiri moja. Kushuka, mkono moja. Andika."

Nikaandika. Nikashukuru. Nikaondoka nikijisemea moyoni kwamba hawa wazee bila sisi wasomi wangefanyaje.

Nyumbani nikafanya kazi ya kisayansi. Nilikaa mezani, nikanyoosha mkono wangu, nikapima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Sentimita arobaini nukta tatu. Shubiri, kumi na saba nukta nane. Nikapiga hesabu nikaandika kwenye daftari kwa wino wa bluu. Niliweka na desimali, jamani. Niliona mkono wa mzee hauna usahihi, nikauongezea nukta.

Sina sanamu ya kuvalishia nguo, kwa hiyo nilitumia dumu la lita ishirini, nimelining'iniza kwa kamba darini, mdomo chini. Nilikata turubai laini lenye matundu ya hewa, nikaweka bitana ya pamba ili chuchu zisichubuke, nikashona mikanda minne, nikazungushia ukingo kanda ya kijani na dhahabu iliyobaki kwenye gauni la harusi ya mtu. Mshono wake ukiutazama unalia. Nilipolivisha dumu lile, lilikaa kama yai na ganda lake. Nikarudi nyuma hatua tatu nikalitazama. Dumu lilipendeza. Lile dumu lingeweza kuolewa.

Haya. Leo.

Asubuhi nimeamka, simu imelia. Chuo kimetuma fomu: "Mhitimu wetu, uko wapi?" Wanataka kujua tuliishia njia gani ya kazi. Visanduku vimepangwa vilevile kama ubaoni kwa mwalimu. Mbunifu. Mnunuzi. Mshauri. Mchoraji. Mwandishi. Chini kabisa, "Mmiliki wa kampuni ya mitindo," halafu "Nyingine (eleza)." Kidole changu kilikuwa juu ya "Mmiliki wa kampuni" nikajizuia. Nikasema nitajaza saa sita, nikitoka sokoni, na vumbi la ushindi.

Nikavaa baibui langu la mahafali. Nikaikunja sidiria kwenye mfuko wa karatasi kama zawadi. Nikapanda tuktuk (turubai lake nimelishona mimi, na mvua haijaingia, tuwe wakweli).

Wanawake kumi walikuwa wamefika, wamekaa juu ya madumu yao, wamejifunika shuka za rangi zote. Mzee Dheere ameshika kamba ya Adey. Ndama amefungwa pembeni analalamika kama mtu aliyenyimwa pasipoti. Na kwa kuwa ni soko, kukawa na wachungaji, madalali, wauza chai, na watu wale ambao hawauzi wala hawanunui, wanakuja tu ili jambo likitokea wawe wamelikuta.

Nikatoa hotuba. Hakuna aliyeniomba. Nilieleza kitambaa, nikaeleza bitana, nikasema mavazi ni mazungumzo kati ya mwili na mazingira. Mama mmoja akapiga miayo mpaka nikaona alichokula. Habaryar akasema, "Zaituni. Falisha."

Nikapita chini ya ngamia.

Sasa ndugu zangu, mimi ni mtu wa ndizi. Ndizi haipumui ukiwa chini yake. Nilikaza roho, nikainua ile kazi yangu ya mikono kwenye kiwele, nikaivuta nyuma, nikaivuta mbele. Chuchu mbili za nyuma zikaingia. Za mbele zikabaki nje, zinawatazama watu. Nikatoa zile za nyuma nikaingiza za mbele. Za nyuma zikabaki nje. Ilikuwa kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake.

"Imekaa?" Habaryar akauliza.

"Ngoja kitambaa kijinyooshe," nikasema. (Turubai halinyooki. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote.)

Nikarudisha za nyuma ndani, nikavuta tena. Adey akainua mguu mmoja, akaufikiria, akaurudisha. Jasho likaanza kunitoka mpaka kwenye kucha. Nikatoa kichwa upande wa pili nikamwambia Mzee Dheere kwamba labda leo ngamia amejaa kuliko kawaida.

"Ni ngamia ya maziwa," akasema taratibu. "Ilitaka kujaa nini? Chai?"

Watu wakaanza kusogea. Nikaona simu ya kwanza imeinuliwa. Ya pili. Hapo mtu mwenye akili angetoka chini ya ngamia aseme samahani, nimekosea, nipeni siku mbili. Mimi nikaona magodoro. Magodoro, jamani, yamepangwa mpaka kwenye dari, na mimi juu yake na daftari. Nikachukua mikanda yote minne, nikaipitisha mgongoni kwa Adey, na kwa kuwa kiwele hakikuenea ndani, nikakikaza kutoka chini. Nikakaza haswa. Tulisoma muhula mzima kuhusu kuinua na kushikilia, sasa leo ndiyo siku yake. Kiwele kikapanda. Kikajaa mbele. Zile chuchu mbili za mbele, zilizokuwa zimelegea kuelekea ardhini, zikasimama mbele kama mirija ya soda.

Nikatoka, nikajipangusa vumbi, na kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi nikasema, "Mwachieni ndama."

Kwa nini nilisema? Mpaka sasa najiuliza. Ulimi wangu una digrii yake tofauti.

Ndama akafunguliwa. Alikuja mbio, shingo chini kama alivyozoea, kichwa tayari kusukuma na kutafuta. Akasimama. Hakukuwa na cha kutafuta. Kila kitu kilikuwa mbele ya mdomo wake, kwa urefu wake, kimeinuliwa, kimeshikiliwa, kimezungushiwa kanda ya kijani na dhahabu. Alinitazama. Naapa alinitazama, kama mteja anavyomtazama mhudumu aliyemwandalia meza kabla hajaagiza.

Akanyonya.

Unasikia tu ule mlio wa kumeza. Povu jeupe linamtoka pembeni mwa mdomo. Akimaliza upande mmoja anahamia wa pili, hana haraka, hana hofu. Adey amefumba macho kwa raha, maana kwa mara ya kwanza maishani mwake hasukumwi na kichwa. Nilichoshona si cha kumzuia ndama. Nilimshonea ndama kiti na meza.

Nikamkimbilia nikamvuta shingo. Hakutikisika. Nikamvuta mkia. Akaendelea kunyonya bila hata kugeuka kuona ni nani.

Mama mmoja kwenye kundi la wale kumi akasema, kwa sauti ya chini kabisa ambayo soko zima lilisikia, "Wallahi, hata mimi watoto wangu sikuwalisha fizuri hivi."

Hapo ndipo walipoachia kicheko.

Habaryar hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa anatazama maziwa ya asubuhi yakiingia kwa ndama, yake na ya wenzake waliomwamini alipowaambia yuko mtoto mmoja kwenye ploti yake, amesoma. Akanisogelea, akauliza nilipata wapi vipimo.

Nikafungua daftari. Nikasoma kwa sauti ya kujitetea: kuzunguka, tisini na nane nukta nne. Kushuka, arobaini nukta tatu.

Mzee Dheere akanyanyua nyusi. "Hiyo nukta nani alikupa?"

"Ni mkono, mzee. Ulisema mikono miwili na shubiri. Nimebadilisha kuwa sentimita."

"Mkono ya nani?"

Sikuwahi kujiuliza hilo swali. Wiki mbili. Nimechora, nimekata, nimeshona, nimeweka desimali, sijajiuliza.

"Wangu," nikasema.

Mzee akampa mtu kamba ya ngamia. Akaja pole pole, akachuchumaa mbele yangu, akakunja mkono wake kiwiko chini, akaniashiria niweke wangu kando. Nikauweka. Kiwiko kwa kiwiko. Jamani, vidole vyangu viliishia kwenye kifundo cha mkono wake. Kuanzia hapo kulikuwa na kiganja kizima cha mzee kinaendelea peke yake, kirefu kama kasia, na vidole ambavyo kila kimoja kingetosha kuitwa mtoto wangu. Dalali mmoja aliacha mnada katikati, akaja akainama kuona vizuri. Mwingine akaomba tusisogee, picha haijatoka.

"Mimi nilisema mkono," mzee akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa ananihurumia, ndiyo mbaya zaidi. "Ngamia iko yangu. Mkono itakuwa ya nani?"

Jina lake ni Mrefu. Kipimo kilikuwa kwenye jina. Hata mtu asiyejua kusoma angelisoma.

Nikapandwa na jazba. Nikamwambia mzee, kwa adabu lakini mishipa imesimama, kwamba haya yote yasingetokea kama angeniachia nitumie tepu. Akasema tepu ni ya maiti. Nikasema sawa, ngamia asipimwe, basi nipime huo mkono wako, nijue ni sentimita ngapi, yaishe. Nikaitoa tepu mfukoni. Mzee akaurudisha mkono ndani ya shuka haraka kuliko nilivyowahi kuona mzee akifanya jambo lolote.

"Mimi pia niko hai," akasema.

Soko likavunjika. Kuna mtu alilala chini. Simu yangu ikaita katikati ya hayo. Mama.

"Zaituni, ni adhuhuri sasa. Umepata?"

"Mama, nitakupigia."

"Nasikia watu wanacheka sana. Ni sherehe?"

"Ndiyo mama. Ni sherehe."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata.

Nikakaa juu ya dumu. Nilikuwa nishaanza kuhesabu foronya. Wale wanawake waliweka vichwa pamoja wakazungumza Kisomali kwa kasi, nikashika maneno matatu: maziwa, mkono, na jina langu. Habaryar akaenda kwa Adey, akafungua mikanda mwenyewe, akatoa ile sidiria. Akaigeuza ndani nje. Akavuta mshono kwa meno. Haukuachia. Akapapasa bitana. Akaingiza kidole kwenye kila tundu. Halafu akamwendea mbuzi wake wa maziwa aliyefungwa karibu na uzio, akamvalisha.

Ilibidi akunje mikanda mara mbili, na bado ilining'inia. Lakini chuchu zote zilifunikwa. Kitoto cha mbuzi kikaja, kikanusa, kikapiga kichwa, kikazunguka upande wa pili, kikalia.

Habaryar akakitazama muda mrefu.

"Habana," akasema mwishowe, "kazi si mbaya. Mshono ni fizuri. Ni mkono tu ndiyo ndogo."

Akageuka akamwambia Mzee Dheere maneno mengi. Mzee akakataa. Akaongeza mengine. Mzee akatazama juu. Akaongeza tena, na safari hii nikasikia neno chai. Mzee akakubali.

Nikatafsiriwa uamuzi. Nitashona nyingine, na ndama akishindwa, kazi ni yangu kama tulivyokubaliana. Lakini kwa kuwa ngamia hapimwi na mzee naye hapimwi, kesho asubuhi Mzee Dheere atakuja kukaa kando ya cherehani yangu. Yeye na mkono wake. Nikitaka kukata, namwita, ananyoosha mkono juu ya kitambaa, natia chaki, anaurudisha ndani ya shuka. Masharti yake: kiti kitazame mlango. Chai iwe ya maziwa ya ngamia, mara mbili, na isiwe ya maji maji. Na ile nyoka ya njano isionekane chumbani.

Kwa hiyo huko ndiko nilikofika na digrii yangu. Wenzangu walioko Nairobi wana meza za kukatia, wana taa, wana kompyuta zinazochora zenyewe. Mimi nina mkono. Tena si wangu, unakuja na mwenyewe, unakunywa chai, na saa za sala unaondoka.

Msidhani aibu imeishia sokoni. Habaryar alikataa kumvua yule mbuzi. Tumerudi mjini kwa miguu, yeye mbele, mbuzi nyuma yake na sidiria ya kijani na dhahabu, mimi nyuma ya mbuzi na baibui la mahafali, kama maonyesho ya mitindo niliyoyaota miaka kumi na mmoja. Tumepita mbele ya maofisi yote. Karani mmoja alitoka nje na kikombe mkononi kuhakikisha. Na kila aliyeuliza, Habaryar alisimama, akanionyesha kwa kidole, akatangaza kwa sauti ya kuita jirani wa ng'ambo ya mto: "Ni huyu ndiyo alitengeneza. Ana digrii!"

Nimempigia mama. Nimemweleza yote, nikaficha mbuzi. Akauliza kama huyo mzee analipwa. Nikasema chai. Akasema basi mkoba usiufungue bado, uusogeze tu pembeni mzee asije akajikwaa.

Nimerudi pia kwenye ile fomu ya chuo. Nimepita mbunifu, nimepita mshauri wa watu mashuhuri (ingawa Adey kesho atakuwa maarufu kuliko wote mnaowajua), nimefika "Nyingine (eleza)." Wameacha mstari mmoja tu. Nimeandika: "Mavazi ya ndani. Wateja wana miguu minne na hawaruhusiwi kupimwa."

Fomu imejibu yenyewe papo hapo: asante, tungependa uje kuzungumza na wanafunzi wetu kuhusu safari yako.

Nitakwenda. Nitawaambia neno moja tu. Ukipewa kipimo cha mkono, uliza kwanza huo mkono unalala nyumba ya nani.